Kupitwa na Wakati au Kukosea? Tathmini Mpya ya Filamu ya You Only Live Twice (1967)

1.0 Utangulizi

Filamu ya kijasusi ya You Only Live Twice, iliyotoka mwaka 1967, ni miongoni mwa filamu za James Bond zinazowagawa watazamaji hadi leo. Wapo wanaoiona kuwa kilele cha filamu hizo kwa ukubwa wa mandhari, uzuri wa muziki wa John Barry na ujasiri wa usanifu wake. Wapo pia wanaoiona kuwa mwanzo wa kuporomoka, kwa kuwa mhusika mkuu anamezwa na vyombo na milipuko, na kwa kuwa namna inavyowachora Wajapani na wanawake inamfedhehesha mtazamaji wa sasa. Baina ya makundi haya mawili limejitokeza la tatu, lenye jibu la upatanishi: filamu hii imepitwa na wakati tu, na si haki kuihukumu kazi ya mwaka 1967 kwa macho ya leo.

Makala haya yanalenga kulichunguza jibu hilo la tatu, kwa sababu ndilo linaloonekana kuwa la haki zaidi na ndilo, kwa maoni yangu, linalopotosha zaidi. Ninadai kwamba kauli ya “kupitwa na wakati” hufumbata mambo matatu yasiyofanana: kuchakaa kwa ufundi, kuchakaa kunakotokana na kuigwa sana, na kosa ambalo halikuchakaa kwa kuwa lilikuwa kosa tangu siku ya kwanza. Mhakiki anayeyachanganya mambo haya ama huishutumu filamu kwa yasiyo makosa yake, ama huisamehe kwa yale ambayo haikupaswa kuyafanya hata wakati huo.

Nilikutana na filamu hii kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa sekondari, katika kibanda cha video mjini Morogoro. Kama ilivyokuwa desturi ya vibanda vile, palikuwa na msimulizi aliyeshika kipaza sauti na kuyafasiri mazungumzo kwa Kiswahili papo kwa papo, akichanganya maelezo, utani na maonyo kwa shujaa. Nakumbuka kwamba yule mwanamke anayefungishwa ndoa na Bond katika kijiji cha wavuvi, msimulizi wetu alimwita Mwanahawa. Miaka mingi baadaye, nilipoitazama upya filamu hiyo nikiandika kila tukio, nililitafuta jina halisi la mwanamke huyo katika mazungumzo na sikulipata. Tangu anapoingia hadi filamu inapokwisha, hakuna mhusika anayelitamka. Jina lake, Kissy, limo katika orodha ya waigizaji pekee. Msimulizi wa kibandani aliliona pengo ambalo mimi sikuliona, akaliziba kwa jina la kwetu. Tathmini inayofuata imetokana na pengo hilo.

2.0 Usuli wa Filamu

You Only Live Twice ni filamu ya tano ya James Bond kutayarishwa na kampuni ya Eon ya Albert R. Broccoli na Harry Saltzman. Iliongozwa na Lewis Gilbert, ikapigwa picha na Freddie Young, na seti zake zikasanifiwa na Ken Adam. Bond aliigizwa na Sean Connery, ambaye wakati filamu ikitengenezwa tayari ilijulikana kwamba anaachana na nafasi hiyo, ingawa alirejea mwaka 1971. Hati ya filamu iliandikwa na Roald Dahl, kwa kuchukua jina, mahali na wahusika wachache kutoka riwaya ya Ian Fleming iliyochapishwa mwaka 1964, na kuacha sehemu kubwa ya kisa chake.

Dahl si mgeni kabisa kwa msomaji wa Kiswahili. Mwaka 1938 kampuni ya mafuta ya Shell ilimtuma Dar es Salaam, akajifunza Kiswahili, na baadaye akayasimulia maisha hayo katika kitabu chake cha Going Solo (1986). Jambo hili tutalirejea tutakapoijadili lugha.

Kisa chenyewe ni rahisi. Chombo cha anga cha Marekani kinamezwa na chombo kingine kisichojulikana. Marekani inaishuku Urusi ya Kisovieti, nayo inakana. Uingereza inashauri kwamba chombo kilichotenda hayo kilitua katika eneo la Japani, na inamtuma Bond kupeleleza baada ya kuigiza kifo chake huko Hong Kong. Akiwa Japani anashirikiana na Tiger Tanaka, mkuu wa idara ya siri ya nchi hiyo, na wasaidizi wake. Hatimaye wanagundua kwamba ndani ya volkano mna kituo cha kurushia vyombo vya anga kinachoendeshwa na Blofeld, kiongozi wa genge la SPECTRE, kwa lengo la kuzigombanisha dola kubwa mbili.

Ni vyema kuzingatia nafasi ambayo Uingereza inajipa katika kisa hiki. Katika kikao cha mwanzo, Mmarekani na Mrusi wanafokeana, naye Mwingereza ndiye mtu mzima mwenye busara baina ya watoto wanaogombana. Hali halisi ilikuwa tofauti. Novemba 1967, miezi michache baada ya filamu kuanza kuonyeshwa, Uingereza ililazimika kuishusha thamani ya sarafu yake, na Januari 1968 serikali yake ikatangaza kwamba itayaondoa majeshi yake mashariki ya Suez. Hivyo basi, filamu hii ni njozi ya dola inayopungua, na njozi hiyo ndiyo inayoamua nani azungumze na nani anyamazishwe.

3.0 Kuchakaa kwa Ufundi

Aina ya kwanza ya uzee ni ile inayoonekana upesi zaidi. Vyombo vya anga ni vifano vidogo vilivyoning’inizwa mbele ya kamera, na jicho la leo linalitambua hilo mara moja. Bond anaporuka kwa Little Nellie, kile chombo kidogo cha mtu mmoja, picha za karibu zinamwonyesha ameketi studioni huku mawingu yakirushwa kwenye kiwambo nyuma yake. Katika tukio jingine, helikopta inalinyanyua gari la maadui kwa sumaku na kulitupa baharini, huku Bond akilitazama tukio hilo kwenye televisheni iliyomo garini mwa Aki, bila mtu yeyote kueleza kamera inayolinasa imetoka wapi.

Kumlaumu mtu kwa mambo haya ni kumlaumu fundi wa jana kwa kukosa zana za leo. Aidha, ufundi wa filamu hii haukuchakaa kwa kiwango kimoja. Seti ya ndani ya volkano, iliyojengwa katika studio za Pinewood nchini Uingereza, iligharimu takribani dola milioni 1, kiasi kinachokaribia gharama ya filamu nzima ya kwanza ya Bond, Dr. No (1962). Ndani yake mna reli, winchi na uwanja wa kutulia helikopta. Maninja wanaposhuka kwa kamba kutoka darini, ni watu halisi wanaoshuka kimo halisi, na mtazamaji anaupima urefu huo kwa mwili wake mwenyewe. Vivyo hivyo katika tukio la bandarini Kobe. Bond anakimbia juu ya paa akipigana na kundi la watu, nayo kamera, badala ya kumsogelea, inapaa na kurudi nyuma mpaka anakuwa kijitu kidogo katikati ya wingi wa adui. Picha hiyo haijazeeka hata kidogo.

Kilichojengwa kimedumu, kilichodanganywa kwa kiwambo kimechakaa. Tukumbuke pia kwamba uhalisi huo ulikuwa na gharama. Wakati wa kupiga picha za angani nchini Japani, mpigapicha Johnny Jordan aligongwa na panga la helikopta, na majeraha yake yalisababisha akatwe mguu. Mtu anayezicheka picha za studioni ana haki ya kucheka, lakini ajue kwamba picha halisi alizozitaka badala yake zilimgharimu mtu kiungo cha mwili.

4.0 Kuchakaa kwa Kuigwa

Aina ya pili ni ya hila zaidi. Katika filamu zilizotangulia, Blofeld alikuwa mikono inayompapasa paka mweupe na sauti isiyo na uso. Katika You Only Live Twice ndipo uso wake unapofichuliwa kwa mara ya kwanza, kupitia kwa mwigizaji Donald Pleasence: kichwa kisicho nywele, kovu linalopita jichoni, vazi la kijivu lisilo na madoido, na sauti ya upole inayoamuru mauaji. Mtazamaji wa leo anapokutana na uso huo huwa anacheka, kwa sababu ameshakutana na Dr. Evil katika filamu ya dhihaka ya Austin Powers ya mwaka 1997. Kituo cha siri ndani ya mlima, daraja linalofunguka na kumtumbukiza msaidizi aliyeshindwa kazi katika dimbwi la samaki walao nyama, saa inayohesabu kurudi nyuma hadi maangamizi: yote haya yamerudiwa na kudhihakiwa kiasi kwamba asili yake inaonekana kuwa nakala.

Mhakiki wa fasihi simulizi analielewa jambo hili vizuri. Fomula ya kufungulia hadithi haimshangazi mtu kwa kuwa kila mtambaji ameitumia, na hakuna anayemlaumu mtambaji wa kwanza kwa wingi wa waliomfuata. Umberto Eco, katika uchambuzi wake wa riwaya za Fleming uliochapishwa mwaka 1965, alionyesha kwamba furaha ya msomaji wa riwaya hizo haitokani na kutojua kitakachotokea. Inatokana na kuutazama mchezo ambao kanuni zake anazijua. Kwa msingi huo, kujirudia si dosari ya utanzu huu, ni sehemu ya mkataba wake na hadhira. Uzee unaotokana na kuigwa unatibika kwa mtazamaji kujirudisha mwaka 1967, kabla ya mikono hiyo isiyo na uso kupata uso.

Wanaosema tusiihukumu filamu kwa macho ya leo wana haki kamili katika aina hizi mbili za kwanza. Tatizo ni pale wanapoivuta haki hiyo na kuifunika nayo aina ya tatu.

5.0 Kosa Lisilochakaa

Katikati ya filamu, Tanaka anapanga kwamba Bond, ili aingie katika kisiwa cha wavuvi bila kutambuliwa, awe Mjapani. Analazwa, wanawake wanamzunguka, anavikwa wigi jeusi, macho yanabandikwa vifaa vya kuyabadili umbo, na kisha anafungishwa ndoa ya kujifanya. Hili ndilo tukio linalotajwa kwanza kila filamu hii inaposhutumiwa, na ndilo linalotetewa kwanza kwa hoja ya zama.

Utetezi huo hauwezi kusimama, na sababu ya kwanza imo ndani ya filamu yenyewe. Watayarishaji hawakuwa watu wasiojua kwamba Wajapani wanaweza kuigiza. Tanaka aliigizwa na Tetsurō Tamba, mwigizaji aliyekuwa ameshashiriki katika Harakiri (1962) ya Masaki Kobayashi, na aliyekuwa amefanya kazi na Gilbert mwenyewe katika The 7th Dawn (1964). Akiko Wakabayashi na Mie Hama walikuwa nyota wa studio za Toho. Nje ya filamu hii, Miyoshi Umeki alikuwa ameshapata tuzo ya Oscar kwa uigizaji wake katika Sayonara (1957). Hivyo basi, dhana kwamba sura ya Mjapani ni vazi ambalo Mzungu anaweza kulivaa jioni moja haikuwa ujinga wa zama zote. Ilikuwa uamuzi uliofanywa na watu waliokuwa na ushahidi wa kinyume chake mbele ya kamera yao.

Sababu ya pili inatokana na historia ya Dahl mwenyewe. Katika toleo la kwanza la kitabu chake cha watoto, Charlie and the Chocolate Factory (1964), wafanyakazi wa kiwanda walikuwa mbilikimo walioletwa kutoka misitu ya Afrika. Wasomaji walilalamika, na katika toleo la mwaka 1973 Dahl aliwabadilisha. Haikupita hata miaka 10. Waliolalamika hawakuwa watu wa karne hii wanaoihukumu karne iliyopita, walikuwa watu wa zama zilezile. Kila anaposema “zama zile watu hawakuona tatizo,” mhakiki hana budi kuuliza ni watu gani anaowahesabu.

Sababu ya tatu ni ya kisanaa, na ndiyo yenye uzito zaidi kwangu. Kujigeuza huko hakufanyi kazi yoyote katika msuko. Adui anamfikia Bond ndani ya kambi ileile ya maninja. Usiku muuaji anateremsha sumu kwenye uzi kutoka darini, ikamuua Aki aliyelala kando yake. Mwingine anajipenyeza mazoezini na kumshambulia. Bond anapoingia volkanoni anajificha ndani ya mavazi ya mwanaanga, si ndani ya wigi, na wakati huo sura yake ya Kijapani imeshasahauliwa na filamu yenyewe. Ukiliondoa tukio lote la kujigeuza, hakuna tendo linalofuata litakaloanguka. Likibaki, linabaki kwa ajili ya kuchekesha na kuonyesha kwamba Mwingereza anaweza kuwa chochote apendacho. Edward Said, mwaka 1978, alieleza namna Magharibi ilivyoiumba Mashariki kuwa jukwaa la maigizo yake yenyewe. Ni nadra kupata mfano ulio wazi kiasi hiki.

Taswira ya wanawake inafuata njia hiyohiyo. Katika tukio la Hong Kong, Bond anawalinganisha wanawake wa mataifa mbalimbali na vyakula. Bafuni kwa Tanaka, wanawake wanawaosha wanaume huku mwenyeji akieleza kwamba katika nchi yake mwanamume hutangulia. Dahl alieleza waziwazi kwamba alipewa fomula ya wanawake watatu: wa kwanza upande wa shujaa afe, wa pili upande wa adui afe, wa tatu abaki mikononi mwa shujaa mwishoni. Aki, Helga Brandt na Kissy wanaitimiza fomula hiyo bila kuikosa hatua moja. Hapa pia hatuna haja ya vigezo vya karne hii. Kigezo cha kawaida cha uhakiki kinatosha: mhusika aliyeumbwa ili afe dakika fulani hawezi kuombolezwa, na kweli Aki haombolezwi. Bond anageuka na kuuliza kuhusu kazi inayoendelea.

6.0 Sauti, Lugha na Jina

Kwa mtafiti anayesoma na kuandika kwa Kiswahili, tukio lenye uchungu zaidi katika filamu hii ni dogo sana. Kabla ya safari, Moneypenny anamrushia Bond kitabu cha kujifunzia Kijapani. Bond anakirudisha na kumkumbusha kwamba alipata daraja la kwanza katika lugha za Mashariki huko Cambridge. Baada ya majigambo hayo hatamki Kijapani ila maneno machache ya adabu. Wajapani wote wenye umuhimu katika kisa, marafiki kwa maadui, wanazungumza Kiingereza kwa ajili yake. Lugha ya watu milioni nyingi inakuwa cheti cha mtu mmoja, na cheti hicho hakitumiki.

Fleming katika riwaya yake aliliona tatizo hili. Bond wa kitabuni, anapojifanya Mjapani, anapewa utambulisho wa mchimba makaa aliye bubwi na kiziwi, kwa kuwa mwandishi alijua kwamba sura inaweza kubadilishwa ila ulimi utamfichua. Dahl, aliyewahi kujifunza lugha ya watu alioishi miongoni mwao, alikuwa na kila sababu ya kuijua hatari hiyo. Hata hivyo hati yake inaifuta. Ububwi haukupotea lakini, ulihamia kwa wengine. Sauti tunayoisikia ikitoka kinywani mwa Tanaka si ya Tamba, ni ya mwigizaji Robert Rietti. Sauti ya Hama nayo iliondolewa, ikawekwa ya mwingine. Shujaa wa Kiingereza anaazima sura ya Mjapani, na Wajapani wanaazimishwa sauti za Ulaya. Yeye anaazima kwa hiari yake, wao hawaulizwi.

Jambo hili lina mwangwi wa ajabu. Mwaka 1965 Wakabayashi na Hama waliigiza pamoja katika filamu ya kijasusi ya Kijapani. Mwaka uliofuata Woody Allen aliichukua filamu hiyo, akaondoa sauti zake zote, akaweka mazungumzo ya mzaha kuhusu mapishi ya saladi ya mayai, na kuitoa kwa jina la What’s Up, Tiger Lily? Japani ilikuwa na majasusi wake wa sinema. Watazamaji wengi wa Magharibi waliwafahamu waigizaji hao wawili kupitia midomo inayotikisika huku wengine wakisema.

Msomaji anaweza kuuliza: je, msimulizi wa kibanda cha video hakufanya jambo hilohilo? Naye alifunika sauti za waigizaji kwa sauti yake. Tofauti ni kwamba yeye hakujificha. Tulimwona ameketi kando ya televisheni, tulijua maneno ni yake, na tulibishana naye alipokosea. Usimulizi wake ulikuwa tafsiri iliyojitangaza kuwa tafsiri. Uingizaji wa sauti katika filamu hii ulitaka tuamini kwamba hakuna kilichoondolewa. Na ni msimulizi huyo wa mtaani, ambaye huenda hakuwahi kusikia neno “nadharia,” aliyetambua kwamba binti anayeozwa hawezi kukaa bila jina.

7.0 Yale Ambayo Filamu Inayajua Bila Kukusudia

Tathmini ya haki haiwezi kuishia hapo, kwa sababu filamu hii ina ushuhuda dhidi ya njozi yake yenyewe. Tukiweka kando maneno na kuyafuata matendo, ni nani anayefanya kazi ya ujasusi? Ni Aki anayemwokoa Bond mara mbili kwa gari kutoka kwa watu wenye bunduki, mara ya pili akiwa anaendesha Toyota 2000GT nyeupe, mojawapo ya magari bora yaliyotengenezwa na nchi ambayo filamu inataka kuionyesha kuwa ya mahekalu na mapanga. Ni Tanaka mwenye treni yake ya siri chini ya Tokyo na watu wa kuzichambua picha. Ni Kissy anayempandisha Bond mlimani na kuigundua siri ya volkano pamoja naye, kisha anayerudi peke yake, akiogelea huku helikopta ikimfyatulia risasi, kwenda kuwaita wenzake. Ni maninja wanaouvamia mlima na kufa humo. Bond mwenyewe, alipojaribu kuingia katika chombo cha anga, alikamatwa kwa kosa la kizembe la kukibeba kifaa chake cha hewa kinyume na utaratibu. Ni kweli kwamba ndiye anayebonyeza kitufe cha mwisho, lakini asingefika hapo bila kundi zima la watu ambao filamu haikuwapa sauti.

Filamu haikukusudia kusema hivyo. Ilikusudia kusema kwamba Uingereza ndiyo inayookoa amani. Hata hivyo matendo yaliyopangwa mbele ya kamera yanasimulia kwamba Uingereza ilituma mtu mmoja, na wenyeji wakafanya yaliyobaki. Huu ndio utajiri ambao kauli ya “imepitwa na wakati” inautupa. Anayeitetea filamu kwa hoja ya zama haoni kosa lake, na anayeikataa kwa fedheha haoni ushuhuda wake. Wote wawili wameacha kuitazama.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba uzee wa You Only Live Twice ni wa aina tatu, na kwamba kila aina inahitaji jibu lake. Ufundi uliochakaa unahitaji uvumilivu, na mara nyingi uvumilivu huo hulipwa. Mandhari ya volkano na paa la Kobe ni ushahidi. Mambo yaliyochakaa kwa kuigwa yanahitaji kumbukumbu ya kihistoria. Kosa linahitaji kuitwa kosa, kwa kuwa lilipotendeka palikuwa na njia nyingine, na waliotenda waliiona.

Utofautishaji huu una umuhimu kwa uhakiki wetu pia. Fasihi ya Kiswahili ina utanzu wake wa kijasusi, na riwaya za Elvis Musiba zinazomhusu Willy Gamba, mathalani Kikosi cha Kisasi (1979), zimesomwa kwa hamu na vizazi kadhaa. Sisi tunaofundisha kazi za miaka ile huulizwa na wanafunzi kuhusu wanawake wanaomzunguka shujaa, na mara nyingi tunajibu upesi kwamba zama zilikuwa tofauti. Jibu hilo linamlinda mwalimu zaidi kuliko linavyoilinda kazi. Lingekuwa jambo la haki zaidi, kwa mwandishi na kwa mwanafunzi, kukaa na matini na kuuliza mambo mahususi: ni kipi hapa ambacho zana za wakati ule hazikuruhusu, ni kipi kimechosha kwa sababu wengi wamekiiga, na ni kipi ambacho mwandishi angeweza kukiandika vingine siku ileile na hakufanya hivyo.

Ninapendekeza, kwa hiyo, kwamba filamu kama hii isifichwe wala isionyeshwe kwa kuombewa radhi. Ionyeshwe nzima, na mtazamaji apewe kazi. Kazi ya kwanza iwe ndogo: asikilize kwa makini, kuanzia kijiji cha wavuvi hadi mwisho, na aandike kila mara ambapo mke wa Bond anaitwa kwa jina. Karatasi yake itabaki tupu. Hapo ndipo mjadala uanzie, nasi tuliokulia vibandani tutakuwa na jina la kumpa.